Gemu za kushuka mapangoni: ununue ipi kwanza?

Gemu za aina hii zina mtindo mmoja: unashuka chini ya ardhi, unaua kila kinachokujia, unaokota nyara, unarudi juu kujipanga, unashuka tena. Swali la kujiuliza kabla hujatoa hela ni hili: nyara unazookota zinabadilisha namna unavyopigana, au zinakuongezea namba tu? Nimezipanga tano kwa kigezo hicho, zote za kompyuta, na zote zinachezeka hata bando likiisha. Ndiyo maana Path of Exile haimo, japo ni ya bure: bila intaneti haiendi.

1. Grim Dawn
Hii haina mpinzani wa karibu. Ilitoka 2016, kazi ya Crate Entertainment, studio ndogo ya Marekani iliyochangiwa na mashabiki kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa. Unachagua fani mbili kati ya sita na kuzichanganya, mfano askari na mganga wa kienyeji, au mlipua mabomu na mchawi. Ukinunua nyongeza za Ashes of Malmouth na Forgotten Gods, fani zinafika tisa. Utamu uko hapo: umejijenga kwa moto muda wote, halafu unaokota kifaa kinachogeuza moto wako kuwa madhara ya aina nyingine kabisa, na usiku mzima unaishia kupanga upya skili zako.

Kuna mapango yaliyofungwa kwa kufuli, na ufunguo unatengenezwa kwa mhunzi kwa malighafi za kutafuta. Ukishaingia humo huwezi kufungua lango la kukurudisha mjini. Ukifa, ufunguo umekwenda na maji. Sijaona gemu nyingine humu inayofanya kiganja kitoe jasho namna hiyo mbele ya mlango tu.

Ubaya wake: mwanzo unakwenda polepole, na rangi ni za matope matope. Nunua gemu lenyewe kwanza. Ashes of Malmouth na Forgotten Gods zisubiri hadi umalize hadithi ya mwanzo, na Crucible ni uwanja wa kupigana tu, usiipe kipaumbele.

2. Hades
Supergiant Games, 2020. Wewe ni Zagreus, mtoto wa mfalme wa kuzimu, unajaribu kutoroka kwa baba yako. Ukifa unarudi nyumbani, mzee anakukejeli, Cerberus, mbwa wa vichwa vitatu, yupo kando yake anasubiri kupapaswa, na hadithi inasonga mbele. Kufa ndiko kunakofungua mazungumzo mapya, kwa hiyo huumii sana. Silaha ni sita tu, lakini baraka za miungu Zeus, Poseidon na wenzao zinaifanya silaha ile ile iwe na ladha tofauti kila safari.

Kama vidole vyako si vyepesi, washa God Mode. Inakupunguzia madhara kwa asilimia 20, na kila unapokufa inaongeza asilimia 2 hadi kufikia 80. Wanaocheka wanaoitumia waachie kicheko chao. Tafuta padi ya gemu (ile ya kushika kwa mikono miwili), kwani kibodi inachosha, na ujue kwamba hakuna kucheza wawili. Hilo la mwisho ndilo lililoinyima nafasi ya kwanza.

3. Torchlight II
Kama laptopu yako ni ya zamani, pandisha hii iwe namba moja. Ni ya 2012, nyepesi, na inakubali LAN: mkiwa na kompyuta kadhaa na ruta moja mnacheza pamoja bila hata senti ya intaneti. Una mnyama wako anayepigana kando yako, na begi likijaa unamtuma mjini akauze vitu na kurudi na pesa. Nyara ni nyingi kupita kiasi, nyingi takataka.

4. Children of Morta
Familia nzima inapokezana kushuka pangoni. Ukimtumia mmoja kwa muda mrefu anachoka, inabidi umpumzishe. Watu wawili wanacheza kwenye kompyuta moja, na kwa mke na mume au ndugu wawili hakuna bora kuliko hii. Nyara zake hazina uzito, ndiyo sababu iko huku chini.

5. Moonlighter
Usiku unapigana, mchana unafungua duka na kuuza ulichookota, ukisoma sura ya mteja kujua kama bei ni ya kuruka au ya kutupa. Duka ni tamu, mapigano ni ya kawaida. Isubiri ofa.

Kuhusu ofa, Steam, duka la gemu la mtandaoni, huwa na punguzo kubwa katikati ya mwaka na Desemba. Bei za Kenya na Tanzania zinaonyeshwa kwa dola, kwa hiyo piga hesabu ya siku hiyo hiyo. Na gemu likikushinda au kompyuta ikikwama, omba kurudishiwa hela ndani ya siku 14 tangu ununue, kabla hujafikisha saa mbili za kucheza. Muda wa kuliacha limefunguka kwenye menyu huku unakula nao unahesabiwa.