Maporomoko ya Sanje, Udzungwa: njia ya wenye magoti na wasio nayo

Kama una goti linalosumbua kama langu, jua hili mapema: kupanda Sanje kunawezekana, kazi iko kwenye kushuka. Nina miaka 54. Nilitoka Morogoro na fimbo yangu ya mwanzi, na ndiyo iliyonirudisha salama.

Nilikwenda Agosti na binti wa dada yangu. Tulilala Mang'ula, asubuhi tukalipia kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, tukapewa mwongozaji, kisha tukafuata barabara kurudi nyuma hadi kijiji cha Sanje, njia inapoanzia. Hifadhi hii, iliyoanzishwa 1992, haina barabara za magari ndani. Hifadhi ya Mikumi, ya kuzunguka kwa gari, nimekwenda mara kadhaa, na kila mara nimerudi na mngurumo wa injini masikioni. Huku unasikia majani unayoyakanyaga, ndege, na maji kabla hujayaona.

Saa moja ya kwanza ni msitu mnene, njia nyembamba, mizizi kama ngazi. Ingiza suruali ndani ya soksi, siafu wapo. Mahali fulani mwongozaji aliinua mkono. Binti akanishika bega: "Mama mdogo, usitikisike." Sauti nzito ikatoka kwenye miti, halafu tukawaona, nyani wa rangi ya kijivu wakiokota matunda chini. Ni nyani wa Sanje, ambaye hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Nilisimama hadi mguu ukafa ganzi.

Maporomoko yenyewe yanashuka mita 170 kwa hatua tatu. Juu kabisa, bonde la Kilombero linatandazika mbele yako, miwa hadi macho yanachoka. Kuna dimbwi la kuogelea, maji baridi ya kukata pumzi. Tulikuta kikundi na spika ya muziki; mwongozaji aliwaomba kwa upole, wakazima, na msitu ukarudi.

Beba chakula chako, njiani hakuna duka. Sisi tulikula chapati na mayai ya kuchemsha, maganda tukayarudisha mfukoni. Maji lita mbili kwa kila mtu. Viatu viwe vya kushika ardhi, maana karibu na maji mawe yana utelezi hata kiangazi. Tulitumia saa tano, wengine humaliza kwa nne, usikubali kuharakishwa.

Nitarudi Juni, na safari hiyo nitabeba fimbo mbili.