Kipimo cha presha cha nyumbani: miezi minne ya kukitumia na mume wangu

Nilinunua kipimo hiki katika duka moja la vifaa vya tiba Kariakoo kwa sababu mume wangu, ambaye tumeishi pamoja miaka 31, hunyunyiza chumvi kabla hajaonja chakula, huvuta sigara barazani kila baada ya chakula cha usiku, na kila nilipomsihi akapimwe alinijibu kwamba haumwi popote. Jibu hilo ndilo lililoninyima usingizi, maana presha ya kupanda inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma.

Kifaa hufungwa mkono wa juu, na tarakimu zake ni kubwa kiasi kwamba mzee huzisoma bila miwani. Huhifadhi vipimo pamoja na tarehe na saa, jambo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa tulipokwenda kwa daktari hatukubishana nani anakumbuka nini. Tulimwonyesha vipimo vya asubuhi na jioni vya majuma matatu.

Kasoro ni mkanda. Unaokuja ndani ya boksi ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, ilhali wa mume wangu ni sentimita 36. Muuzaji hakuuliza, nami sikujua kwamba mkanda mdogo hupandisha namba isivyo kweli, kwa hiyo siku mbili mfululizo tulisoma zaidi ya 170 kwenye namba ya kwanza, ile kubwa kati ya namba mbili za presha, nikalia jikoni peke yangu. Tuliponunua mkanda mpana, namba zilishuka hadi 148 kwa 92, ambazo bado ziko juu. Tafadhali, pimeni mkono kwa utepe wa fundi cherehani kabla ya kwenda dukani.

Anayepimwa akae dakika tano ameegemea kiti, miguu ikikanyaga sakafu, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo, na asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa kabla ya kupima. Mume wangu hulifuata sharti hilo kwa uaminifu ambao maneno yangu hayakuwahi kuupata: sigara ya usiku husubiri kipimo, na siku nyingine hulala bila kuivuta. Kikopo cha chumvi alikiondoa mezani mwenyewe, bila kuambiwa, jioni tuliyosoma 151. Sigara ya asubuhi bado anavuta, na juu ya hiyo tunaendelea kuzungumza.