Jioni Sita za Mapinduzi ya Ufaransa Mtaani Mkomani

Kwa wiki sita nimehudhuria darasa la historia linalofanyika hapa Lamu kila Jumanne baada ya sala ya Isha, katika sebule ya ghorofani ya nyumba ya mawe mtaani Mkomani, na kwa kuwa jamaa wengi wameniuliza kama lina faida, naona ni haki niandike kwa kirefu. Mada ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, yaani namna raia walivyouangusha ufalme wa kiimla uliodai kupewa mamlaka na Mungu mwenyewe. Ada ni shilingi 1,500 kwa jioni zote, kahawa chungu na kashata zikiwemo. Anayefundisha ni mwalimu mstaafu, na sitamtaja jina kwa sababu hapendi kutajwa.

Usiku wa kwanza Mwalimu hakumtaja mfalme hata mara moja. Aliweka sinia katikati ya mkeka, akapanga juu yake mikate mitano ya gramu 400, akatueleza kwamba mkate mmoja wa watu wa Paris ulikuwa na uzito huo wote, karibu kilo mbili. Kisha akahesabu kete 25 za bao, kila kete ikisimama badala ya sou moja, sarafu ndogo ya Ufaransa ya wakati ule. Kibarua wa Paris alilipwa baina ya sou 20 na 30 kwa siku, na mapema mwaka 1789 mkate huo ulikuwa umepanda hadi sou 14 na nusu. Akaziondoa kete 14 moja moja, polepole, akaishika ya 15 baina ya vidole viwili bila kuiondoa wala kuirudisha, akatuuliza: "Haya, kwa hizi zilizobaki, mtalipa kodi ya nyumba, mtanunua kuni, au mtamvika mtoto?" Sebule nzima ilinyamaza. Ndipo alipoanza kutueleza mvua ya mawe ya Julai 1788, mavuno yaliyoharibika, na hazina ya mfalme iliyokauka kwa madeni, yakiwemo ya vita vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza.

Baada ya mkate ikaja chumvi. Katika majimbo mengi ya kaskazini mwa Ufaransa, sheria ilimlazimisha kila aliyezidi miaka 8 kununua kiasi maalumu cha chumvi kutoka ghala la mfalme kwa bei ya juu, huku makabaila na makasisi wengi wakisamehewa mzigo huo. Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango alishindwa kujizuia: "Ati chumvi, Mwalimu? Chumvi ya Mungu?" Nilisoma habari za kodi hiyo nilipokuwa shuleni, nikaiandika katika mtihani na nikapata alama zangu, lakini sikuwahi kuielewa kama nilivyoielewa usiku ule kutokana na sauti ya bibi yule. Hilo ndilo ninalolisifu zaidi katika darasa hili, kwamba dhuluma inaanza kuonekana jikoni kabla ya kufika ikulu.

Jioni ya pili ilihusu Baraza la Matabaka Matatu, ambalo lilikuwa halijaitishwa tangu mwaka 1614 na lilifunguliwa Versailles, makao ya mfalme karibu na Paris, tarehe 5 Mei 1789. Mwalimu alitugawa makundi matatu, makasisi watatu, makabaila watatu na sisi wengine wote 17 tukiwa raia wa kawaida, kisha akatangaza kwamba kila kundi lina kura moja. Tulishindwa kura mbili kwa moja katika kila hoja. Kwa hiyo alipofika kwenye tarehe 17 Juni, wajumbe wa tabaka la tatu walipojitangaza kuwa ndio Bunge la Taifa, hakuhitaji kutueleza kwa nini walifanya hivyo. Habari ya kutekwa kwa Bastille, ngome ya mfalme mjini Paris iliyokuwa gereza, aliipitia kwa haraka, na nadhani alifanya vyema, maana wengi tayari twaijua. Aliongeza tu kwamba siku ile ya tarehe 14 Julai ngome ilikuwa na wafungwa 7, na kwamba umati ulikwenda hasa kutafuta baruti.

Jioni ya tatu ndiyo iliyowasha moto. Mwalimu alikuwa akieleza usiku wa tarehe 4 Agosti, wajumbe wa makabaila wenyewe waliposimama bungeni mmoja baada ya mwingine kuziacha haki zao za kurithi, pale kijana mmoja wa mtaa wa Langoni alipouliza kama waungwana wa Lamu waliwahi kufanya jambo kama hilo. Mji wetu haukuwa na mfalme; uliongozwa na baraza la wazee pale Yumbe, lakini wazee hao walitoka katika nyumba za waungwana, na mzalia, yaani aliyezaliwa hapa katika ukoo wa watumwa, hakuwa na nafasi humo. Mwalimu hakulikwepa swali. Alisema kwamba huku kwetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 kwa amri ya serikali ya kikoloni, akawaacha watu wazungumze, na wakazungumza kwa adabu hadi karibu saa tano za usiku. Ni nadra kupata mahali ambapo jambo hili linasemwa wazi bila mtu kukasirika.

Wanawake nao walipewa haki yao. Tulielezwa jinsi wanawake wa masoko ya Paris walivyotembea tarehe 5 Oktoba kiasi cha kilomita 20 hadi Versailles, sawa na kwenda Shela na kurudi mara tatu, tena katika mvua, na kesho yake wakarudi na mfalme mjini. Tulielezwa pia habari za mwandishi Olympe de Gouges, aliyedai mwaka 1791 kwamba haki za binadamu zilizotangazwa na Bunge ni za wanawake vilevile, na akakatwa kichwa Novemba 1793.

Sasa nije kwenye kasoro. Karatasi tulizogawiwa zilichapishwa kwa wino hafifu usiosomeka, na Jumanne moja iliahirishwa bila taarifa. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba jioni mbili kamili zilitumika kwa kesi ya Louis wa 16, aliyekatwa kichwa kwa gilotini tarehe 21 Januari 1793, na kwa Robespierre, kiongozi wa mapinduzi, na hofu aliyoieneza, ilhali suala la watumwa lilipewa robo saa usiku wa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao. Katika robo saa hiyo tuliambiwa kwamba mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Kwamba Bunge la Paris lilifuta utumwa tarehe 4 Februari 1794 baada ya watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, kuasi wenyewe tangu 1791. Na kwamba mawakala walioipeleka amri hiyo Morisi, kisiwa kilichokuwa chini ya Ufaransa, mwaka 1796 walifukuzwa na wenye mashamba. Watu waliouzwa kutoka pwani hii walikuwa kwenye mashamba hayo siku mawakala walipofukuzwa. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kisheria, na Haiti ikajitangaza huru mwaka 1804.

Ningependa kusikia hayo kwa jioni nzima, yakiwekwa juu ya sinia kama ulivyowekwa mkate. Duru mpya inaanza mwezi ujao, na nawashauri wanafunzi wa sekondari, walimu na kina mama wa Langoni na Mkomani wajiandikishe mapema kwa sababu sebule haichukui zaidi ya watu 25. Mimi nimeshalipa tena, na nimemwomba Mwalimu aongeze jioni ya saba itakayoanzia Kilwa.