Kozi ya TEFL ya mtandaoni, masaa 120: nimefundisha nayo nje mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Watu wengi wanauliza kama hizi kozi za TEFL za mtandaoni, yaani za kufundisha Kiingereza kwa watu ambao kwao ni lugha ya kigeni, zina maana au ni kununua karatasi tu, na wengi wanaojibu ni waliomaliza kozi juzi, hata darasani hawajaingia. Mi nilisubiri makusudi. Nilimaliza ya masaa 120, nikapata kazi nje ya nchi, nimefundisha mwaka mzima wa shule, watoto asubuhi na watu wazima jioni, sasa ndo naandika. Jina la kampuni siliweki, sababu kila nikiongea na walimu wenzangu waliosoma kwingine nasikia mapungufu ni yale yale.

Kitu ambacho ningependa kuambiwa mapema ni kwamba TEFL sio cheti kimoja. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachosimamia hilo neno, kampuni yoyote inaweza kutunga kozi ikaiita hivo, na masaa 120 yamekuwa tu kipimo ambacho waajiri wengi wanakiulizia. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, nayo ni masaa 120, lakini ndani yake kuna masaa 6 ya kufundisha wanafunzi wa kweli huku mkufunzi amekaa nyuma anaandika kila unachofanya, na mengine 6 ya kukaa kuangalia walimu wazoefu wakifundisha. Kwenye hii yangu hayo yote hayakuwepo. Nilipata cheti bila kusimama mbele ya mwanafunzi hata mmoja, na hilo ndo tatizo lake kubwa, mengine yote yanatokea hapo.

Nianze na mazuri. Kitu bora kwenye kozi nzima ni kazi za kuandika andalio la somo. Zilikuwa nne na wakati ule nilizichukia, maana unaandika kila dakika nani anafanya nini, lengo la kila hatua, zana gani, tatizo gani linaweza kutokea na utalimaliza vipi. Mbili za kwanza zilirudi na maoni yanayofanana neno kwa neno, kazi nzuri endelea hivyo, yaani mtu hakusoma kabisa, na hapo nilikasirika kwa sababu nimelipia. Ya tatu ikaangukia kwa mkufunzi mwingine. Yeye alikaa akajumlisha dakika zangu moja moja, alafu akaandika kwamba somo ni dakika 45, wewe unaongea 31, gawa zilizobaki kwa wanafunzi 20 uone kila mtu anapata ngapi. Nikapiga hesabu, sekunde 42. Mtu ametoka kwake amekuja kujifunza kuongea lugha, unampa sekunde 42! Nilibadilisha andalio lote usiku ule ule na mpaka leo kabla sijaingia darasani nahesabu dakika zangu kwanza.

La pili ni kuhusu lile swali "mmeelewa?" Kozi inasema liache, mtu mzima hata kama hajaelewa ataitikia tu kwa sababu ya aibu, badala yake uliza maswali mafupi ya kupima maana. Niliona ni nadharia mpaka siku nafundisha "He used to smoke" darasa la jioni. Nimeeleza vizuri, wote wanatikisa kichwa. Nikauliza, anavuta sasa hivi? Nusu ya darasa wakasema ndio, amezoea kuvuta. Wameichanganya na "be used to" na wangeondoka hivo hivo nyumbani wakiwa na uhakika. Tukarudi nyuma, zamani alivuta? Ndio. Mara moja au mara nyingi? Nyingi. Leo? Havuti. Dakika tatu tu na likakaa.

Moduli ya sarufi ni nzuri pia, hasa ile ya kuchora mstari wa muda ubaoni, na viwango vya kujua lugha, A1 ya anayeanza mpaka C2 ya aliyebobea, wamevieleza vikaeleweka. Hapa niseme kitu kwa wenzangu ambao Kiingereza tumekijifunza, hatukuzaliwa nacho: hiyo ni nguvu. Mwanafunzi aliponiuliza kwa nini "I have seen him yesterday" ni kosa nilijua shimo liko wapi kwa sababu nilishawahi kuanguka humo humo, sisi tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Mtoto akichanganya "he" na "she" sishangai, mimi nimekua na "yeye" moja tu. Na "ship" na "sheep" mdomo wangu ulihangaika nayo muda mrefu, kwahiyo naweza kumwonyesha mtu ulimi na midomo inakaaje. Kozi haikugusa hili hata kidogo, mifano yote inadhani mwalimu amezaliwa na lugha, na hilo limeniuma kwa sababu walimu wengi wa Kiingereza duniani sio hao.

Sasa mabaya. Moduli ya kusimamia darasa ina vidio moja, wanafunzi wanane, watu wazima, wamekaa nusu duara wanasikiliza. Mimi nilipewa watoto 38 wa miaka saba na nane, madawati yamebanana hakuna pa kupita, siku ya kwanza projekta ikagoma na somo langu lote liko kwenye laptopu. Nikabaki na chaki. Kilichoniokoa ni mstari mmoja tu kutoka kwenye kozi, usieleze mchezo, uonyeshe, kwahiyo nikaita watoto wawili mbele tukacheza nao wenyewe na wengine wakadaka. Lakini namna ya kuwanyamazisha bila kupiga kelele, nini ufanye ukiwa na wawili waliomaliza kazi kwa dakika mbili na kumi ambao hawajaanza, mwalimu mwenzako wa pale mnagawanaje darasa, hayo yote nilijifunza kwa sauti kukauka. Wiki ya pili niliishiwa sauti kabisa, nikafundisha kwa mikono na picha, na cha ajabu watoto waliongea zaidi.

Huduma yao ya kutafutiwa kazi, ambayo wameitangaza sana kwenye tangazo, ni orodha ya matangazo ya kazi ambayo mtu yeyote anayapata mwenyewe kwenye intaneti. Na hawakuniambia kabla sijalipa kwamba zipo nchi ambapo pasipoti yako tu inakufungia mlango. Mfano Korea Kusini, viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza wanapewa raia wa nchi saba, Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Unaweza kuwa na cheti na digrii na Kiingereza kilichonyooka bado usipite. Nchi nyingine zinapokea, kazi ipo na mimi nimeipata, ila kampuni inayomuuzia cheti mtu wa taifa lolote inatakiwa imwambie hili ukurasa wa kwanza.

Mkataba nao hawakuugusa. Wa kwangu uliandika masaa 25 kwa wiki, mi nikadhani ndo kazi yote, kumbe hayo ni ya kusimama darasani tu, kusahihisha, kuandaa, vikao, kuongea na wazazi ni juu yake na hayalipwi. Uliza hilo kabla ya kusaini. Uliza pia nani analipia viza na kugonga mihuri vyeti vyako, na mtu akitaka kukaa na pasipoti yako "kwa usalama" kataa kwa upole lakini kataa.

Alafu kuna siku ambazo hakuna kozi ingekuandaa nazo, nzuri na mbaya. Jioni unarudi chumbani hujaongea lugha yako na mtu yeyote tangu asubuhi, unajikuta unapiga simu nyumbani bila sababu. Na kuna kale katoto kalikokaa nyuma karibu na dirisha, miezi mitatu hakajatoa neno, nikikaita kanaangalia meza, nikaacha kukasukuma. Siku moja napita kwenye mstari wake nikasikia "Teacher, your shoe is open." Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Sentensi hiyo hatukuifundisha, kwenye kitabu haipo, kaliitafuta mwenyewe ndani ya maneno kaliyonayo. Neno sahihi lingekuwa "untied" na sikulisema. Kozi ina ukurasa unaosema mtu anapojaribu kuwasiliana acha kosa lipite, utalirudia siku nyingine, na huo ukurasa pekee ningeulipia tena. Niliinama nikafunga kamba, nikasema "Thank you", kakacheka, na toka siku hiyo kananisalimia mlangoni kila asubuhi.

Nyota 3 kati ya 5. Ya nne nitaongeza siku wakiweka hata masaa machache ya kufundisha watu wa kweli huku mtu anakuangalia. Kama hela yako inafika kwenye kozi yenye hayo masaa nenda nayo, kama haifiki chukua hii ila tafuta darasa lolote la kujitolea ufundishe kabla hujapanda ndege. Na ukijiunga, andalio lako likirudi na "kazi nzuri, endelea hivyo" waandikie uombe mkufunzi mwingine. Wanabadilisha, mwenzangu mmoja aliomba wakambadilishia.