Uzoefu wangu na mbegu chotara ya mtama, Kongwa

Mbegu niliyoinunua dukani ni chotara ya mtama mweupe, nami niliipanda shambani kwangu Kongwa, mkoani Dodoma, sambamba na Macia, aina ya mtama isiyo chotara, ili mvua, udongo na samadi viwe vilevile pande zote mbili. Tofauti ilijitokeza mapema: miche ya chotara iliota kwa pamoja na kutanua majani kabla magugu hayajashika kasi, na kiangazi kifupi cha Februari kilipoingia, majani yake yalijikunja mchana lakini yakafunguka jua lilipozama, ilhali Macia ilidumaa kwa muda. Masuke yalikuwa mazito zaidi na yalichanua karibu wakati mmoja. Kwenye ugali sikuonja tofauti yoyote.

Nguvu hiyo hutokana na kuwakutanisha wazazi wawili wasio na undugu wa karibu, kazi ambayo kwa mtama ni ngumu, kwa sababu ua lake lina sehemu za kiume na za kike na hujichavusha lenyewe. Njia ilifunguka Texas, Marekani, mwaka 1954, watafiti Stephens na Holland walipochanganya milo na kafir, aina mbili za mtama, wakapata mimea isiyotoa chavua, ambayo basi huchavushwa na mzazi mwingine. Barani kwetu, Gebisa Ejeta, mtafiti wa mtama mzaliwa wa Ethiopia, alitoa Hageen Dura-1 nchini Sudani mwaka 1983, chotara inayostahimili ukame.

Muuzaji alinisifia mavuno tu, wala hakugusia kwamba mbegu hii haifai kutunzwa kwa msimu unaofuata. Nilipanda kipande kidogo kwa mbegu iliyotokana na mavuno hayo ili nijionee mwenyewe: mimea mingine ilirefuka, mingine ikabaki mifupi, na kuna masuke yaliyokosa chavua, kwa kuwa sifa za wazazi hugawanyika upya katika kizazi cha pili. Kwa maoni yangu, jambo hilo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye mfuko.

Kero nyingine ni ndege waitwao kwelea kwelea. Chotara iliwahi kukomaa kuliko mtama wa majirani, basi kundi zima likatuangukia sisi, tukalazimika kuamia tangu alfajiri hadi jioni.

Nitaendelea kuinunua kwa ajili ya eneo la mtama wa kuuza, ambapo punje zinazolingana hupata mnunuzi kwa urahisi. Mtama wa chakula utabaki Macia, ambayo mbegu yake huichagua mwenyewe kabla ya kuvuna. Asiye na samadi wala mbolea ya dukani simshauri atumie fedha zake hapa.