Filamu za giza Goma: projekta au kompyuta?

Eraserhead (1977, dakika 89) haina rangi, na weusi ndio kila kitu humo. Hapo kompyuta ya mkononi inashinda: umeme ukikatika, betri nzuri inafikisha mwisho. Ila vaa visikizi, maana spika zake ndogo humeza ule mngurumo wa chini unaotisha.

Weusi wa projekta ni ukuta usiomulikwa tu. Ziba madirisha kwa blanketi, la sivyo picha inakuwa kijivu. Safisha chujio pia: vumbi letu la volkano likiliziba, mashine inapata joto na kuzima.

Lakini Come and See (1985, dakika 142), filamu ya vita, itazame kwa projekta na wenzako. Peke yako utaisimamisha kila inapouma. Inaonyesha kijiji kikichomwa pamoja na watu. Ila wewe uliyekimbia vita, chagua kompyuta, uwe na uwezo wa kuizima.