Uzoefu wangu: kuendesha kioski cha uwanja wa ndege kwa maktaba ya matukio

Maktaba hii ya programu, iliyoandikwa kwa lugha ya TypeScript, inaongea na kioski cha abiria kujihudumia kwa CUSS 2, kiwango cha IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) cha vioski vinavyotumiwa na mashirika mengi. Kwa aliyezoea CUSS 1 na CORBA yake (teknolojia ya zamani ya kuunganisha programu), hapa ni nafuu kubwa: unaomba tokeni, yaani kibali cha kuingia, unafungua websoketi, yaani muunganisho unaobaki wazi, kisha kila kifaa kinakuletea matukio yake chenyewe. Huna haja ya kuiuliza skana kila sekunde kama imesoma kitu.

Pagumu ni kwenye hali za programu. Programu yako ikishaanzishwa, inakuwa UNAVAILABLE (haiko tayari). Printa na kisoma pasipoti vikiwa tayari, unaomba AVAILABLE (iko tayari). ACTIVE (inamhudumia abiria) huipati kwa kuomba: jukwaa, yaani mfumo unaoendesha kioski, ndilo linalokuingiza humo abiria akikuchagua. Ukiita enable, amri ya kuwezesha kifaa, kabla ya hapo, inakataliwa. Kwa hiyo iweke ndani ya kisikilizi (msimbo unaopokea tukio) cha ACTIVE, na ukitoka hali hiyo futa visikilizi vyote ulivyoongeza humo. Pasi mbili za kupandia ndege zikimtokea abiria mmoja, usianze kufungua printa. Hesabu visikilizi kwanza. Mara nyingi viliongezwa upya websoketi ilipokatika na kurudi.

Lebo za mizigo zinahitaji PECTAB, yaani kiolezo cha uchapaji, kitumwe kwa amri ya setup kabla ya data yenyewe. Printa ikizimwa na kuwashwa, kiolezo kinaweza kupotea, hivyo mimi hukituma upya kila ACTIVE. Halafu jibu la OK la send, amri ya kutuma data ichapwe, halimaanishi abiria ameshika karatasi. Fuatilia kitoa karatasi: MEDIA_PRESENT (ishara kwamba karatasi bado ipo) ikiondoka, ndipo umuage. Naweka kikomo cha sekunde 30, maana wapo wanaoondoka na kuiacha ikining'inia.

Data ya msimbopau inakuja ghafi, kuichambua ni juu yako. Sehemu ya lazima ya pasi ya kupandia ndege ina herufi 60 na huanza na M. Tarehe ni siku ya mwaka kwa tarakimu 3, bila mwaka: 045 ni Februari 14. Disemba na Januari zinahitaji uangalifu. Jina lina nafasi 20 tu, majina marefu hukatwa, kwa hiyo kulilinganisha neno kwa neno na pasipoti kutawakataa abiria halali.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeinyima kwa sababu nililazimika kuandika mwenyewe msimbo wa kuomba tokeni mpya ya zamani ikiisha muda.